Eti "tutapunguza mfupa"! Madokta watarajiwa, tuache kimombo wodini

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea wiki tatu nzima na wengine mmeshaanza kutangaza kuwa nimedisko. Sijadisko! Nipo rotesheni ya mifupa: asubuhi raundi, mchana kliniki, usiku madesa. Leo sina stori za kantini wala za bumu kuchelewa. Leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe ni juu yangu mimi mwenyewe.

Jana kliniki nimemwona mtoto mmoja, na usiku sikulala. Nilikutana naye miezi kadhaa iliyopita kwenye hospitali moja tunayojifunzia (sitaitaja). Ana miaka saba, alianguka kutoka kwenye mwembe. Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kiwiko, vipande vikapishana. Daktari wangu akaniambia, "Nenda kamweleze mama tunafanya ridaksheni, asaini fomu."

Nikaenda na koti langu jeupe, limepigwa pasi hasa. "Mama, mtoto ana frakcha, tutamfanyia ridaksheni." Naiandika kama mama wa watu alivyoisikia. Akanitazama. "Ndiyo nini hiyo, dokta?" Na mimi msomi wenu, mwaka wa nne, anatomia nimepata A, nikajibu: "Yaani... tutapunguza mfupa."

Mama akashika mdomo. "Mwanangu apunguzwe mfupa? Abaki na mkono mfupi?"

Hakusaini. Akambeba mwanawe akampeleka kwa mzee mmoja anayeunga mifupa kienyeji. Siku ya tatu wakarudi. Mkono umezungushiwa vijiti na kukazwa vitambaa, vidole vimevimba, havichezi, ukijaribu kuvinyoosha mtoto anapiga yowe. Haukukatwa, tunamshukuru Mungu. Lakini misuli ilishakosa damu. Jana nimeviona vile vidole: vimejikunja kama vya kuku. Kalamu anashika kwa mkono wa kushoto.

Najua mtaniambia mwenye kosa ni mzee. Kukaza vile ni kosa, tena kubwa. Mfupa ukivunjika panavimba, ukibana kwa nje uvimbe unakosa pa kwenda, unaminya mishipa ya damu, na ndani ya saa chache misuli inaanza kufa. Volkmann wa Ujerumani alilieleza jambo hilo mwaka 1881. Lakini nilimuuliza mama, yule mzee alikwambia nini hata ukamwamini? Akanijibu: "Alisema ataurudisha mfupa mahali pake."

Jamani! Hiyo ndiyo ridaksheni yenyewe! Neno limetoka kwenye Kilatini, reducere, yaani kurudisha. Mzee ambaye hajawahi kukanyaga geti la chuo alitoa tafsiri sahihi, na mimi wa A nikatoa matango pori. Yeye alikosea kufunga, mimi nilikosea kusema. Ila kosa langu ndilo lililotangulia.

Sasa hoja yangu ni hii, na najua kuna watu watanuna. Wengi wetu tunajificha nyuma ya kimombo kwa sababu dhana zenyewe hatujazielewa. Tumezikariri tu! Fanyeni jaribio hili chumbani leo. Muulize rumeti wako tofauti ya mvunjiko ambao ngozi imetoboka na ule ambao mfupa umekuwa vipande vipande. Kwa Kiingereza majina yake yanafanana, na nimeona watu wakiyachanganya mbele ya konsaltanti. Kwa Kiswahili huwezi kuyachanganya hata kwa dawa: moja kuna kidonda, nyingine kuna vipande. Na tofauti hiyo si ya mtihani tu. Kidonda kikiwepo, uchafu umepata njia hadi kwenye mfupa. Mgonjwa anahitaji dawa ya kuua bakteria mapema na kusafishwa vizuri, siyo kufungwa P.O.P. na kuambiwa aende nyumbani.

Endeleeni. Kiungo kikitoka mahali pake, bega limechomoka. Kano zikivutika bila mfupa kuvunjika, mguu umeteguka. Mfupa wa mtoto ukipinda na kupasuka upande mmoja, ni kama kijiti kibichi unapojaribu kukivunja, na hata Waingereza wameuita hivyo hivyo, kijiti kibichi! Ile ORIF mnayoitamka kwa mbwembwe ni kufungua, kurudisha mfupa mahali pake na kuushikilia kwa vyuma ndani. Basi. Mfupa unaweza kuunga, kuchelewa kuunga, kuunga ukiwa umepinda, au kukataa kabisa kuunga. Nani hapo hajaelewa?

Kuna jamaa wa darasani ananiambia kila siku Kiswahili hakina maneno ya upasuaji wa mifupa. Ndugu yangu, neno mganga limetoka wapi? Kuganga ni kufunga na kuunga kilichoharibika, na kipande cha mti cha kushikilia mfupa kinaitwa gango, au banzi. Hatukukosa maneno, tumeyaonea aibu.

Na hao wakubwa tunaowasoma hawakuona aibu. Neno othopediki alilitunga Mfaransa Nicolas Andry mwaka 1741 kutoka Kigiriki, nyoofu na mtoto, kwenye kitabu alichowalenga akina baba na akina mama. Wazazi! Apley naye, ambaye kitabu chake cha mwaka 1959 ndicho baba wa madesa yetu, alifundisha kumpima mgonjwa kwa maneno matatu ya kitoto: angalia, gusa, chezesha. Sisi tumeyachukua tukayavalisha suti.

Msinielewe vibaya. Faili liandikwe Kiingereza, mtihani tufanye Kiingereza, sijasema tuchome vitabu. Nasema kitandani kwa mgonjwa ongea lugha ya mgonjwa. Mwingine atadai mgonjwa akielewa sana anasumbua. Wacha asumbue! Mama aliyeambiwa "vidole vikivimba, vikifa ganzi au maumivu yakizidi, rudi hata usiku wa manane" ndiye atakayeokoa mkono wa mwanawe nyumbani, wewe ukiwa umelala hosteli. Na dole gumba lililobandikwa kwenye fomu isiyoeleweka siyo ridhaa, ni wino tu.

Jana nilimwomba yule mama msamaha. Nikamweleza upya kila kitu tangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu: "Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Sasa kwa nini hukunambia hivyo siku ile, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Kama wewe unalo, liandike hapo chini.

Kesho raundi saa moja na nusu. Tuko pamoja.