Tukimmulika mwizi wa simu, tummulike na mnunuzi

Kuna wizi mmoja ambao sisi Wakenya tumeuzoea hata tukauona kama mvua ya masika: hutunyeshea, tukajikung'uta na kwenda zetu. Huo ni wizi wa simu za mkononi. Aliyenyakuliwa simu dirishani mwa matatu hupewa pole na abiria wenzake, akashauriwa awe mwangalifu siku nyingine, na safari ikaendelea. Mazoea haya ni mabaya, tena ni ya hatari, na naona wakati umewadia wa kuyaacha.

Kwanza, yafaa tuelewe vyema ni kitu gani hasa kinachoibwa. Simu za awali, zile tulizozibandika jina la "mulika mwizi" kwa sababu ya kurunzi yake, zilipoibwa mtu alipoteza chombo na nambari za jamaa zake. Hali imebadilika. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, simu imegeuka kuwa mkoba wa fedha. Na tangu huduma ya Fuliza ilipoanza Januari 2019, imekuwa pia mlango wa kukopea. Ndani ya simu moja mna karo ya watoto, akiba ya chama, barua za kazini na picha ya kitambulisho. Mwizi akiijua nambari yako ya siri hatatosheka na salio alilolikuta. Atakopa kwa jina lako, na deni litakuwa lako. Atawaandikia ndugu zako akijifanya wewe, awaombe fedha za hospitali, nao kwa huruma watamtumia.

Pili, yafaa tumtambue mwizi mwenyewe. Kijana anayenyakua simu penye mzunguko wa magari, au anayepita kwa bodaboda na kuivuta mkononi mwa mpita njia, ni kidole tu cha mkono mrefu. Haiibi ili aitumie. Huiuza saa ile ile kwa bei ya kutupa kwa mtu anayejua kuifuta yote yaliyomo, naye humpelekea muuzaji, na muuzaji humngojea mnunuzi. Mnunuzi huyo ni nani? Ni mimi na wewe, ndugu msomaji, tunapoonyeshwa simu ya shilingi 30,000 ikiuzwa kwa shilingi 8,000, bila risiti wala kasha, nasi tukafurahi kuwa tumepata bahati. Bahati hiyo kuna mahali ililiwa na mtu. Pasipo mnunuzi, kijana yule hana sababu ya kunyosha mkono.

Hii ndiyo hoja yangu: kila hatua inayoifanya simu iliyoibwa isiuzike ni kinga kubwa kuliko mbio zote za kumfukuza mwizi. Na ushahidi upo. Mwaka 2013 kampuni ya Apple iliweka kufuli katika simu zake ambalo humzuia mtu kuiwasha upya simu iliyofutwa bila idhini ya mwenyewe. Mwaka 2014 jimbo la California nchini Marekani likatunga sheria ya kuwalazimisha waundaji wote waweke kinga ya namna hiyo katika simu zinazouzwa humo, na sheria ikaanza kufanya kazi Julai 2015. Kabla hata ya siku hiyo, Februari 2015, wakuu wa miji walitoa hesabu zao: wizi wa iPhone ulikuwa umepungua kwa asilimia 40 San Francisco na asilimia 25 New York, na huko London wizi wa simu ulikuwa umeshuka kwa nusu. Wezi hawakuwa wametubu. Mali yao ndiyo iliyokuwa imekosa soko. Ni kweli kwamba miaka ya karibuni wizi umefufuka London, kwa kuwa magenge yamepata wanunuzi ng'ambo. Lakini hilo nalo lathibitisha neno lile lile, kwamba wizi hulifuata soko.

Kinga hizo hizo zimo katika simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu, ila aghalabu zimelala usingizi kwa kuwa hatukuziamsha. Wahenga walinena kuwa tahadhari ni kabla ya hatari. Basi leo, kabla ya jua kutua, bonyeza *#06# kwenye simu yako. Utaona nambari yenye tarakimu 15 iitwayo IMEI. Hiyo ndiyo alama ya kuzaliwa ya chombo chako, nayo haibadiliki kwa kubadilisha laini. Iandike katika daftari, uiweke nyumbani pamoja na risiti. Simu ya laini mbili huwa na nambari mbili, ziandike zote.

Kisha ifunge simu kwa nambari ya siri isiyo mwaka wako wa kuzaliwa, na uipange ijifunge yenyewe kwa muda mfupi, kwa sababu mnyakuzi hupendelea simu iliyo wazi mkononi mwa anayeongea. Nambari ya M-Pesa isifanane na ya kufungulia simu, wala isihifadhiwe ndani ya simu hiyo hiyo. Ifunge na laini yenyewe kwa nambari yake ya siri. Hili wengi hulisahau: mwizi akishindwa kuifungua simu, huichomoa laini, akaitia katika simu nyingine, na jumbe zote za kuthibitisha akaunti zako zikamfikia yeye. Laini iliyofungwa humkatia njia hiyo.

Mwisho, washa huduma ya kuitafuta simu. Iko katika simu za Android na katika iPhone, na haina malipo. Ukiiwasha, waweza kwa simu ya rafiki kuona chombo chako kilipo, kukifunga au kufuta yaliyomo. Simu iliyozimwa, au isiyo na mtandao, huenda ikakuonyesha pale ilipoonekana mara ya mwisho tu, ingawa baadhi ya simu za siku hizi huweza kutambuliwa kupitia simu nyingine zilizo karibu. Ikiibwa, ifunge kwanza, kisha ipigie kampuni yako ya simu wazuie laini na akaunti ya fedha, kisha uende polisi. Na siku chache baadaye ukipokea ujumbe kuwa simu yako imepatikana, na kwamba uweke nywila yako mahali fulani uione ilipo, usithubutu. Huyo ni mwizi anayeomba ufunguo wa kufuli lililomshinda.

Natoa onyo moja. Nukta inayoonekana kwenye ramani si mwaliko wa kwenda kupigana. Haikuonyeshi ni chumba gani cha ghorofa, wala haikwambii aliyemo ana kisu. Watu wamechomwa visu kwa ajili ya simu ambayo ingeweza kununuliwa nyingine. Na kwa upande wa pili, vijana wamepigwa mawe na kuchomwa moto mitaani mwetu kwa kushukiwa tu kuwa wameiba simu. Hakuna simu yenye thamani ya roho ya mtu, iwe ya mwenye mali au ya mshukiwa. Umma hujichukulia sheria mkononi pale unapoamini kwamba sheria yenyewe haina mkono.

Hapo ndipo polisi na serikali wanapoingia. Nilipomsindikiza jirani yangu, mama muuza mboga, katika kituo kimoja cha polisi, aliandikiwa nambari ya kitabu cha matukio na kupewa hati ya kuthibitisha upotevu. Alipouliza kitakachofuata, aliambiwa kuwa hati hiyo itamsaidia kupata laini mpya. Hakuulizwa nambari ya IMEI, wala hakuna aliyeitazama simu yangu, tuliyokuwa tumeifungua kuonyesha mahali chombo chake kilipokuwa. Kazi iliishia pale ilipostahili kuanzia.

Wala isisemwe kwamba serikali haina uwezo. Ilipotaka kuziondoa simu bandia mwaka 2012, Tume ya Mawasiliano iliwaelekeza wananchi watume nambari zao za IMEI kwa ujumbe mfupi wazihakiki, na baada ya Septemba 30 mwaka huo zaidi ya simu milioni 1 zikazimwa katika mitandao. Ilipotaka ushuru, mwishoni mwa mwaka 2024 ilitangaza kuwa waagizaji na waundaji wa simu lazima wawasilishe nambari hizo hizo. Tangazo hilo lilipingwa, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikalibatilisha, faragha ya wananchi ikiwa mojawapo ya hoja.

Nami naiheshimu hoja ya faragha. Lakini kinachohitajika dhidi ya wezi hakihitaji kumpeleleza yeyote. Kinahitaji orodha ya simu zilizoripotiwa kuibwa tu, zikiandikishwa kwa hiari ya wenyewe, pamoja na hati ya polisi. Kampuni zote za simu ziisome orodha hiyo, zizifunge simu hizo siku ile ile, na zibadilishane habari na mitandao ya nchi jirani ili mpaka usiwe kichaka cha kujifichia. Mnunuzi naye aweze kutuma nambari ya IMEI kwa ujumbe mfupi, kama tulivyofanya mwaka 2012, na kujibiwa kama simu anayouziwa ni ya wizi kabla ya kutoa hata senti. Katika mpango huo hakuna atakayesikiliza mazungumzo ya mtu wala kujua alikolala.

Na mpango huo ukiwepo, mnunuzi hatakuwa na kisingizio. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kuwa mwenye kupokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, aweza kufungwa hadi miaka 14. Bei ya shilingi 8,000 kwa simu ya shilingi 30,000 yatosha kumtia mtu shaka. Polisi waache kuwavizia vijana wa barabarani peke yao. Waingie pia katika vibanda ambamo simu hizo hufutwa na kuuzwa, na waulize risiti.

Tulizipa simu zetu za kwanza jina la kummulika mwizi. Leo kurunzi hiyo yatupasa tuielekeze pia kwa anayemlipa mwizi, hata kama mwanga wake utatuangukia sisi wenyewe. Anayekuuzia simu bila risiti leo ndiye atakayeinunua yako kesho, ikiisha kunyakuliwa.