Redio Imekufa? Iulize Kwanza

Kuna sentensi moja mafundi wa mjini wameizoea mno: "Hii bodi imekufa." Unalipia kuangaliwa tu, unaambiwa imekufa, unarudi nyumbani na redio yako kwapani. Lakini mara nyingi hiyo bodi haijafa. Iko hai na inaongea, ni vile tu hakuna mtu ameiuliza shida ni nini.

Nazungumzia redio ya intaneti, ile inayoshika stesheni kwa waifai badala ya eriali. Usidhani ni kama ile ya babu yako. Hii ni kompyuta ndogo, nyingi zinaendeshwa na Linux, na kila ikiamka inaandika ripoti ya inachofanya: memori nimeipata, faili nimesoma, waifai imenikataa. Ripoti hiyo hutokea kwenye pini tatu au nne zilizopangwa mstari mmoja kwenye bodi, mara nyingi bila maandishi yoyote. Hiyo ndiyo konsoli ya siriali. Wahandisi waliiweka hapo kwa kazi yao wenyewe kiwandani, lakini haikatazi mtu mwingine kusikiliza.

Vifaa si vya kutisha. Unahitaji adapta ya kutoka USB hadi siriali (uliza yenye chipu ya CP2102 au CH340, anza kutafuta Luthuli Avenue), nyaya tatu, multimita, na programu ya bure kama PuTTY kwenye laptopu. Umeme ukiwa umechomolewa, tafuta pini iliyoungana na vyuma vya kufunika bodi. Hiyo ndiyo ya ardhi. Kisha washa na upime zilizobaki. Pini ya kutuma huchezacheza volti zake redio inapoamka. Unaunganisha ardhi kwa ardhi, halafu ya kutuma ya redio unaipeleka kwenye ya kupokea ya adapta, na nyingine kinyume chake. Ile ya umeme iache kabisa. Na tafadhali, bodi nyingi za aina hii hutumia volti 3.3, kwa hivyo adapta iliyowekwa kwenye 5 inaweza kuimaliza kweli. Kama redio inachukua stima moja kwa moja kutoka ukutani bila chaja ya nje, usiifungue peke yako. Hapo hatuchezi.

Weka kasi ya 115200. Ukiona herufi za ajabu, hazimaanishi redio ina mapepo. Ni kasi tu haijalingana. Jaribu 57600, 38400, hata 9600.

Sasa soma. Hapa ndipo utamu uko. Utakuta redio inayowaka na kuzima kila dakika inalia kwamba nafasi ya kuhifadhi imejaa, ikishindwa kuandika hata faili ndogo. Nyingine haina betri ya saa, kwa hivyo kila ikiamka inaamini leo ni tarehe 1 Januari 1970. Inaomba muziki kwa seva, seva inaonyesha cheti chake cha usalama, redio inakikataa kwa sababu kwa hesabu yake cheti hicho bado hakijaanza kufanya kazi. Wewe kwenye skrini unaona tu "hakuna mtandao", unaanza kulaumu waifai ya landilodi. Ukirekebisha saa au ukifuta faili zilizojaa, muziki unarudi. Hujabadilisha hata kipuri kimoja.

Kuna wakati redio yenyewe haina kosa. Februari 2015 BBC ilibadilisha jinsi inavyorusha vipindi mtandaoni, na redio nyingi za intaneti zikanyamaza ghafla kwa wenyewe. Logitech iliacha kuunda redio zake za Squeezebox mwaka 2012, na 2024 ikafunga huduma ya mtandaoni iliyokuwa ikizihudumia. Hizo lakini bado zinaimba, kwa sababu programu ya seva yake ilikuwa wazi tangu mwanzo na watumiaji wakaendelea kuitunza wenyewe. Linganisha na redio ambayo ukifika kwenye konsoli inakuuliza nywila ambayo kampuni haijawahi kumpa mtu, na kampuni yenyewe haipo tena. Hapo ulinunua kasha tu.

Utaambiwa wanafunga kwa ajili ya usalama. Kwa mashine ya ATM nakubali. Kwa redio ya jikoni, msee ambaye tayari ameifungua na bisibisi kwako sebuleni ana mengi ya kukufanyia kuliko kubadilisha stesheni. (Ingawa ukiuza redio ya mtumba, futa kwanza nywila ya waifai yako. Baadhi huihifadhi wazi kabisa, na mwenye nyaya tatu ataisoma.)

Kenya tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya matumizi. Sawa. Lakini kuwajibika kusianze kifaa kikiwa tayari jalalani. Anayeacha kuhudumia kifaa aachilie nywila ya konsoli na programu ya ndani, na anayeingiza bidhaa hizo nchini aulizwe hilo mapema, kabla hazijafika dukani.

Na usiniambie redio ya intaneti ni ya mabwanyenye, wewe unasikilizia simu. Ruta iliyokufa chini ya kitanda chako ina pini hizo hizo. Dikoda nyingi pia, na kamera za usalama. Vyuo havikuzuii kujifunza hili na havikulazimishi pia. Bodi mbovu ya bure inatosha kuanzia. Hiyo ruta si tayari ulikuwa umeamua kuitupa? Ifungue wikendi hii.