Tumbo la Mtoto Aliyepandikizwa

Watu wengi huniletea mimi karani karatasi za hospitali niwasomee, na siku hizi limeingia humo neno jipya: kupandikizwa. Maana yake mgonjwa amepewa kiungo kizima cha mtu mwingine kifanye kazi iliyomshinda kile cha kwake.

Mwaka 1954 daktari Joseph Murray wa Boston, Marekani, aliipandikiza figo ya mtu katika mwili wa pacha wake, nayo ikakubali. Kwetu Tanzania kazi hiyo ya figo ilianza Muhimbili Novemba 2017, ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Hospitali hiyo ya Dodoma ilianza tena mwaka 2023 kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Uboho ndio ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Wapo pia watoto wanaopelekwa India.

Lakini sisi wa Bangwe na Ujiji tuko mbali na waganga hao, mwendo wa usiku na mchana kwa garimoshi. Tunampokea mtoto akiwa amekwisha kuruhusiwa, na kazi inayobaki ni ya nyumbani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni tumbo.

Sababu yake ni hii. Damu ina askari wake, nao wakikiona kiungo kigeni hukishambulia. Kwa hiyo mtoto hupewa dawa za kuwalegeza, kama takrolimasi, mikofenoleti na predinisoloni. Na mwenye figo au ini la kupandikizwa humeza dawa za namna hiyo siku zote. Basi askari wakilegea, kijidudu ambacho ndugu zake hukimeza bila habari humlaza yeye wiki nzima.

Twaanza na maji. Maji ya ziwa ni meupe, na watu huyasifu, lakini weupe si usafi. Dawa ya klorini huua vijidudu vya kipindupindu, nayo ni dawa njema. Ila kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidio ambacho klorini hiyo haikiwezi. Hicho hufa kwa moto. Maji ya mtoto huyu yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, hata yale ya kusukutulia mdomo. Najua kuni ni ghali. Yachemsheni ya kwake kwanza, katika chombo chake chenye kifuniko. Na dagaa walioanikwa mchangani wapikwe mpaka waive kabisa, asionjeshwe wakavu.

Tena si kila kuhara hutoka majini. Mikofenoleti yenyewe huweza kuleta kichefuchefu na kuhara. Hapa ndipo nyumba nyingi huweza kuanguka: mama anaona dawa ndiyo inayoharibu tumbo, anaiacha siku mbili tatu ili mtoto apumzike. Siku hizo askari huamka, na figo iliyopatikana kwa taabu yaweza kupotea. Daktari anazo njia nyingine. Aweza kukigawa kipimo kiwe kidogo mara nyingi, au kubadili aina ya dawa. Kuiacha si kazi yetu.

Takrolimasi nayo ina jambo la kushangaza. Ungedhani mtoto akihara dawa inatoka naye, hivyo imepungua mwilini. Kumbe mara nyingi ni kinyume! Utumbo mzima huizuia dawa nyingi isipite. Utumbo ulioumia hauizuii, nayo huingia katika damu kwa wingi. Dawa ikizidi huidhuru figo, na wakati huo huo mwili umekaukiwa maji. Ndiyo maana kuhara kwa mtoto huyu hakungojwi kupite kwenyewe. Apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, pakiti 1 katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kidogo kidogo, na siku hiyo hiyo hospitali iliyomtibu ipigiwe simu. Damu yake yapasa kupimwa.

Dawa za dukani asipewe bila ruhusa. Vidonge vingine vya vijidudu, kama erithromaisini, huipandisha takrolimasi, rifampisini huishusha, diklofenaki huumiza figo. Mitishamba vivyo hivyo, hata ile ya bibi tunayemheshimu. Hata tunda moja limekatazwa, nalo ni balungi, kwa kuwa nalo huipandisha dawa. Maembe na ndizi anaweza kula, yakioshwa na kumenywa.

Mtoto wa uboho ana shida nyingine. Dawa kali za mwanzo huchubua mdomo na utumbo, akashindwa kumeza hata uji. Baadaye askari wapya waliotoka kwa ndugu yake huweza kumgeuka mwenyewe: akihara maji mengi au damu, na ngozi ikatoka vipele, hasa viganjani na nyayoni, asafirishwe mara moja. Na mtoto wa kiungo chochote akikonda miezi mingi baadaye, akawa na uvimbe shingoni au tumboni, au choo chenye damu, yafaa aonwe upesi, maana virusi fulani huweza kuanzisha uvimbe mbaya.

Mama mwenye kitoto kichanga katika nyumba hiyo atauliza juu ya chanjo ya matone ya kuhara, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013. Kichanga apewe, kwa maana akikingwa yeye na nduguye yu salama zaidi. Ila chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, navyo hutoka chooni siku kadhaa. Abadilishaye nepi anawe kwa sabuni. Aliyepandikizwa mwenyewe asipewe.

Mwisho, akitapika dawa, usikisie kumrudishia. Andika katika daftari saa aliyomeza na saa aliyotapika, na kama kidonge kilionekana. Daktari ataliuliza neno hilo kwanza katika simu.