Msilaumu skrini, tulaumuni sisi waandika programu

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Waulize wenye Tesla Model S za zamani wafanyeje skrini ya katikati ikiganda. Watakwambia ubonyeze yale magurudumu mawili madogo ya usukani mpaka izime, kisha usubiri iwake. Sawa. Dawa hiyo hutibu programu iliyokwama. Haitibu chipu iliyochakaa.

Model S za 2012 hadi mapema 2018, na Model X za 2016 hadi mapema 2018, ziliwekewa chipu ya hifadhi ya GB 8. Kila sehemu ya chipu hiyo huvumilia kufutwa na kuandikwa upya mara 3,000 hivi, basi. Na nani aliyekuwa akiiandika kila siku? Programu ya gari lenyewe, na faili zake za logi zisizokwisha. Kwa mara 1.4 kwa siku, piga hesabu mwenyewe: haifiki miaka 6.

Skrini ikifa, inaondoka na kamera ya nyuma pamoja na vidhibiti vya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Januari 2021, NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, iliitaka Tesla iyaite magari 158,000 hivi yarekebishwe. Februari kampuni ikakubali yapata 135,000, huku ikishikilia kwamba huo ni uchakavu wa kawaida.

Wa kawaida? Tairi likiwa kipara unaliona. Chipu iliyojificha nyuma ya dashibodi utaikagua kwa macho gani?

Tena msiseme hayo ni ya Wamarekani. Kenya huruhusu magari ya mitumba yasiyozidi miaka 8. Gari la umeme likishuka Mombasa na miaka 7, fundi atakagua betri na tairi. Nani atauliza habari za chipu?

Mimi pia si msafi. Nimewahi kumkabidhi mteja programu yenye logi za majaribio, nikijiambia nafasi ya diski ni bei rahisi. Kumbe kuna anayelipa.

Kwa hiyo, wenzangu: logi zikae kwenye RAM, ziandikwe chache. Chipu za eMMC tangu toleo la 5.0 huweza kueleza zimechakaa kiasi gani. Mwonyesheni mwenye gari. Na ukungu wa kioo uwe na kitufe chake, cha kushikika kwa kidole.

Anayepinga aje na hesabu zake.