Si Kila Funza wa Mahindi ni Kiwavijeshi

Ndugu mkulima wa Mabatini, tangu kiwavijeshi vamizi aingie nchini 2017, kila funza kwenye mahindi anapewa jina hilo na dawa inapigwa. Mimi sikubaliani na hilo. Kiwavijeshi ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Huna alama hizo? Pasua bua. Huenda ni bungua, Chilo partellus, nondo wa nyasi kutoka Asia aliyeonekana Malawi 1930. Akishaingia ndani ya bua dawa haimfikii, hela yako imeenda bure.

Tuna na bungua wetu wa asili, Chilo orichalcociliellus. Huyo anajulikana zaidi pwani, na pwani ya Kenya mgeni amemsukuma pembeni. Huku ziwani nani anamtafuta? Sisi tunauliza dawa tu!

Wenzetu wa Mbita, upande wa Kenya, wanapanda majani tembo pembeni ya shamba na desmodiamu katikati ya mistari. Nondo anakimbia mahindi, anataga nje.

Kwa hiyo ukimkuta, usimponde. Mtie kwenye chupa pamoja na kipande cha bua, toboa kifuniko, andika ulikomtoa, niletee ofisi ya kata.