Krimu 'asilia' ya mwili: Soma kopo kabla ya kumpaka mtoto

Pwani yetu, kuanzia Somanga, Kilwa Kivinje na Masoko hadi Mchinga na Lindi mjini, haijawahi kupungukiwa mafuta ya kujipaka. Nazi ipo, ufuta upo, nta ya nyuki ipo, na mwani unalimwa Songosongo. Bibi zetu walikuna nazi kwa mbuzi, wakakamua tui na kulichemsha mpaka mafuta yakajitenga. Chupa moja ilitosha nyumba nzima: nywele za binti, miguu ya mvuvi iliyopasuka kwa maji ya chumvi, na mwili wa mtoto baada ya kuoga.

Kilichobadilika ni kopo. Mafuta yale yale leo yanauzwa madukani, stendi za mabasi na kwenye makundi ya WhatsApp yakiwa krimu yenye lebo ya kuvutia: "asilia kwa asilimia 100", "haina kemikali", "inalainisha, inang'arisha, inatibu pumu ya ngozi na fangasi", "salama kwa mtoto mchanga". Wazazi wengi wanauliza kama krimu hizi ni nzuri.

Jibu ni kwamba neno "asilia", hata likiwa la kweli, linakuambia kitu kimetoka wapi tu. Halikuambii kinafanya nini kwenye ngozi, na halikuambii kilichoongezwa bila kuandikwa. Kwa hiyo tuliweke neno hilo pembeni, tuangalie kilichomo ndani.

Kilainishi kinafanya kazi gani?

Sehemu ya juu ya ngozi imejengwa kama ukuta: seli ni matofali, mafuta ya asili ya mwili ndiyo udongo unaoyashika. Ukuta ukipata nyufa, maji hutoka, na ngozi hukauka, huwasha na kupasuka. Hapa kwetu hali hiyo huonekana zaidi wakati wa upepo wa kusi, kati ya Juni na Septemba, na kwa wanaooga sabuni kali mara nyingi kwa siku.

Kilainishi kizuri hufanya mambo matatu. Huvuta maji na kuyashika, kama inavyofanya glisirini. Hujaza nyufa, kama yanavyofanya mafuta ya nazi na ya ufuta. Na hufunika juu ili maji yasitoke, kama inavyofanya nta ya nyuki au mafuta ya mgando ya kawaida. Kazi ya halali ya kilainishi inaishia hapo. Hakiui fangasi, hakibadili rangi ya mtu na hakiponyi ugonjwa.

Tufungue kopo

Mafuta ya nazi. Haya yana sifa za kweli. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo maabara zimeonyesha inadhoofisha baadhi ya bakteria wa ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Ufilipino uliwafuatilia watoto 117 wenye pumu ya ngozi isiyo kali sana kwa wiki 8. Waliopakwa mafuta ya nazi yasiyosafishwa kwa kemikali walipata nafuu kuliko waliopakwa mafuta ya madini. Hiyo ni nafuu, si uponyaji, na mafuta yale hayakuwa na kitu kingine ndani.

Kuna kipimo ambacho mkazi wa Kilwa anaweza kukifanya bila maabara. Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo mchana wa pwani yetu lazima yawe maji. Kopo likiandikwa "mafuta ya nazi pekee" na likabaki limeganda saa saba mchana, ndani yake kuna kitu kingine. Huenda ni nta tu, isiyo na madhara, lakini lebo haikusema.

Mafuta ya ufuta. Yanalainisha vizuri, na mkoa wa Lindi ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa ufuta nchini. Angalizo ni moja: mtoto ambaye amewahi kuvimba au kutoka vipele baada ya kula ufuta asipakwe.

Mwani. Mwani wa pwani yetu hutoa karajini, kitu kinachofanya krimu iwe nzito na laini mkononi. Hiyo ni kazi yake inayojulikana vizuri. Dai kwamba krimu ya mwani "inarudisha ujana" ni maneno ya muuzaji.

Mshubiri. Hutuliza ngozi iliyoungua na jua. Lakini utomvu wake kwa sehemu kubwa ni maji, na hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Mafuta matupu hayaoti bakteria kwa urahisi. Ukiyachanganya na maji ya mshubiri, na kopo likakaa kwenye joto letu huku vidole vikiingia na kutoka, unakuwa umewatengenezea vijidudu makazi. Krimu yenye maji inahitaji kihifadhi. Kwa hiyo "haina kemikali" si sifa kwa krimu ya aina hiyo. Ni onyo.

Mafuta ya karafuu, limau na manukato mengine. Hivi vyote ni vya asili, na ndivyo huleta mwasho zaidi. Karafuu huunguza ngozi laini ya mtoto. Maji ya limau yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, yanaweza kuacha malengelenge na madoa meusi yanayokaa miezi.

Madai matatu ya kupimwa

"Salama kwa mtoto mchanga." Usalama hauji kwa kuandikwa. Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2020 uliwahusisha watoto wachanga 1,394 walio katika hatari ya kupata pumu ya ngozi. Kuwapaka kilainishi kila siku kwa mwaka mzima hakukuzuia ugonjwa huo, na maambukizi ya ngozi yaliongezeka kidogo. Mtoto mwenye ngozi nzima hahitaji krimu ya kumkinga. Msimu wa joto, mafuta mazito humwongezea harara kwa kuziba vinyweleo vya jasho.

"Inakinga jua." Mafuta ya nazi hayatoshi kukinga jua la pwani. Kwa watu wenye ualbino kosa hili hugharimu maisha, kwa sababu ya saratani ya ngozi. Krimu ya kinga ya jua ni bidhaa inayotengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo, kama ile inayozalishwa Moshi katika Hospitali ya KCMC kwa ajili yao. Nguo ndefu na kofia pana pia ni kinga.

"Inang'arisha na kuondoa madoa." Hapa mzazi asimame. Nazi, ufuta na nta havina uwezo wa kumfanya mtu awe mweupe. Krimu ikimng'arisha mtu ndani ya wiki mbili, kuna kitu kingine ndani, na mara nyingi ni mkorogo uliobadilishwa jina.

Hatari ni ile isiyoandikwa

Viambato vitatu vinapaswa kuogopwa: zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto kupitia mwili wa mama, taulo na shuka. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huigeuza ngozi kuwa nyeusi ya samawati, doa lisilotoka kirahisi. Steroidi ni dawa nzuri mkononi mwa daktari, lakini ikipakwa kila siku kama losheni huikonda ngozi, huleta michirizi, na kwa mtoto mdogo hupenya hadi kwenye damu na kuvuruga homoni za mwili.

Hakuna mwenye krimu anayeandika "nimeweka steroidi". Mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 2003 madaktari walipima krimu 24 "za mitishamba" ambazo wazazi waliwapaka watoto wenye pumu ya ngozi. Krimu 20 zilikuwa na steroidi. Wazazi walikuwa wanazisifu, na wasingeacha kuzisifu, kwa kuwa zilifanya kazi haraka. Ndiyo maana krimu "ya asili" inayokausha pumu ya ngozi kwa siku mbili, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu ukiacha kuipaka, inatia shaka kuliko ile isiyofanya muujiza wowote.

Hapa nchini viambato hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi. Kimataifa, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana Geneva Novemba 2023 kufuta vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki ifikapo 2025. Lakini marufuku ya karatasi haifiki yenyewe kwenye kundi la WhatsApp.

Ugonjwa unaofichwa na krimu

Hasara nyingine ni muda. Mtoto anayejikuna usiku, huku ndugu zake nao wakijikuna, huenda ana upele, na nyumba nzima inahitaji dawa siku moja. Duara lenye magamba kichwani laweza kuwa mapunye. Steroidi ikipakwa juu ya fangasi hupunguza wekundu, huku fangasi wakitambaa chini yake.

Na lipo baka ambalo mkoa wa Lindi haupaswi kulisahau: baka lililofifia rangi, lisilowasha, lisilohisi ukiligusa kwa pamba. Hiyo ni dalili ya ukoma, ugonjwa ambao bado unaonekana katika mkoa huu. Dawa yake hutolewa bure na huponya. Aliyechelewa mwaka mzima akipaka krimu ya "kuondoa madoa" anaweza kupona ukoma na bado akabaki na ulemavu wa vidole.

Nani anakagua?

Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kabla ya hapo vilikuwa chini ya iliyokuwa TFDA, ambayo sasa ni TMDA na inashughulikia dawa na vifaa tiba. Mgawanyo huu una maana kwa mnunuzi: krimu inayodai kutibu inajiita dawa, na dawa ina mlango wake wa usajili. Haiwezi kuwa losheni mbele ya mkaguzi na dawa mbele ya mteja.

Haya hayasemwi ili kuwavunja moyo akina mama wanaotengeneza sabuni na mafuta kwa nazi na mwani wetu. TBS ina utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo bila malipo wakianzia kwa barua ya utambulisho ya SIDO. Bidhaa iliyopimwa na inayosema ukweli mdogo, "inalainisha ngozi", itaishi sokoni kuliko ile inayoahidi kila kitu.

Ukiwa dukani na nyumbani

• Tafuta orodha ya viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na alama ya TBS. Kopo lisilo na orodha liache.

• Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. "Aqua" ni maji, "Cocos Nucifera" ni nazi, "Sesamum Indicum" ni ufuta, "Parfum" ni manukato. Nazi ikiwa ya mwisho kabisa, ulichonunua si krimu ya nazi.

• Jaribu kwanza: paka kidogo ndani ya mkono, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Ikiwasha, acha.

• Paka mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevu. Usipake kwenye kidonda au kitovu cha mtoto mchanga.

• Chota kwa kijiko safi. Harufu ikibadilika, tupa.

• Kama umempaka mtoto krimu ya mashaka kwa wiki nyingi, usiiache ghafla bila ushauri. Nenda na kopo lake kituo cha afya, Hospitali ya Kinyonga kwa walio Kilwa, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi.

Usione aibu kulitoa kopo hilo mbele ya mganga. Litamsaidia kujua mtoto amepakwa nini, na ataanza matibabu mapema. Na kama tatizo ni ukavu tu, mafuta ya nazi masafi yasiyo na nyongeza, au mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yanatosha.