Kupuliza mashini si kuhukumiwa



Kwenye milango ya mine mingi za Kolwezi na Likasi, kazi inaanza na kupuliza alkotesti. Sisi ba sendika hatukatai. Muntu akiendesha kamyo ya tani mia na lutuku kichwani, atatuponda sisi, si mukubwa wa biro.

Lakini tuelewe mashini inasema nini. Dawa ya kusukutua kinywa yenye alkoli inaweza kuidanganya. Ukingoja dakika 15 na kupuliza tena, inaonyesha kweli. Tesiti ya mikojo ni ingine: bangi inaonekana hata siku mingi kisha kuvuta, wakati kichwa kimekwisha kutulia. Na dawa ya maumivu yenye kodeini inaonekana sawa na afyuni.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu: tesiti ya pili mbele ya delege, karatasi ya matokeo mukononi mwa mufanyakazi, na sheria moja kwa wote, mukubwa pamoja na mutu wa sutretansi. Huyu wa mwisho mara mingi anafukuzwa kwa neno la mulinzi tu.

Sheria ya kazi ya 2002, artikle 62, inadai sababu ya kweli mbele ya kuvunja mukataba usio na muda. Na BIT, tangu 1996, inasema ulevi ni shida ya afya: kutunza kwanza.

Na sisi pia, mwenzetu akikunywa tumwambie mbele afike mulangoni. Kunyamaza si kumulinda.